Laki Nane Zisizoguswa

Katika biashara ya mawe, pesa haipewi nafasi ya kukaa. Asubuhi unachukua mzigo kwa mali kauli kutoka kwa mtu anayekuamini, mchana unauzungusha kwa wanunuzi, jioni unampelekea mwenye mali chake na kubaki na chako, na hicho chako kabla hakijafika nyumbani kimeshaingia kwenye mzigo mwingine. Nimefanya kazi hiyo Arusha kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Dalali aliyejulikana kuwa na milioni kumi benki zisizofanya kitu tulimwonea huruma. Tulijua ama anaumwa, ama amegombana na wachimbaji, ama macho yake hayasomi tena rangi.

Kwa hiyo nilipoamua kwenda kuzeekea Thailand na kuanza kuulizia masharti yao kwa wastaafu wa kigeni, kiasi chenyewe hakikunitisha. Mgeni aliyetimiza miaka 50 anaweza kuomba kibali cha kukaa mwaka mmoja mmoja, akionyesha kwamba ana baht 800,000 katika benki ya nchi hiyo, kwenye akaunti yenye jina lake peke yake. Kwa bei ya wakati ule zilikuwa karibu shilingi milioni 60. Nimewahi kubeba mawe ya thamani kubwa kuliko hiyo kwenye soksi. Lililonitisha ni sharti la pili, lile linalosemwa kwa sauti ya chini baada ya kiasi kutajwa: pesa hiyo ikae. Ikae miezi miwili kabla ya kuomba, ikae miezi mitatu baada ya kupewa, na miezi yote iliyobaki ya mwaka isishuke chini ya baht 400,000.

Watu wengi nyumbani waliniuliza kwa nini Thailand, kana kwamba nimeamua kuhamia mwezini. Kwetu sisi wa mawe, Thailand ni jirani. Safaya za Tunduru zilipofumuka katikati ya miaka ya 1990, Wathai walikuja wenyewe hadi kusini mwa Tanzania, wakapanga nyumba na kuketi nyuma ya mizani zao. Tukawauzia mawe tuliyodhani ni takataka, ya kijivu na ya kahawia, nao wakaenda kuyachoma kwao. Mji wa Chanthaburi, kilomita kama 245 kusini-mashariki mwa Bangkok, ndio wenye mafundi wa kuchoma mawe wanaojulikana duniani kote. Mwaka 2002 maabara za vito ziligundua kwamba safaya fulani za rangi ya machungwa zilizokuwa zikitoka huko zilichomwa pamoja na beriliamu, na rangi ile nzuri ilikuwa imeingizwa kwa moto. Soko lilitikisika, lakini Chanthaburi haikufa. Mwaka 2007 zikaja spineli nyekundu za Mahenge, na mimi nikawa mgeni wa mara kwa mara wa Mtaa wa Si Chan, ambako Ijumaa hadi Jumapili mnunuzi hukaa kwenye meza yake na muuzaji ndiye anayepita na karatasi za mawe. Wapo Waafrika wengi pale, hasa wa Guinea, Mali, Gambia na Senegal. Nina marafiki. Magoti yangu yanaupenda ule mji usio na mlima. Na hospitali ziko karibu, jambo ambalo ukiwa na miaka 30 hulioni na ukiwa na miaka 60 huoni kingine.

Njia nyingine ya kupata kibali ni kuonyesha kipato cha baht 65,000 kila mwezi. Kwa shilingi za wakati ule, hiyo ilizidi milioni 4.5. Nani kati yetu analipwa pensheni ya namna hiyo? Mwalimu mstaafu anayelipwa na PSSSF hafikirii hata kusoma mstari huo hadi mwisho, na dalali hana pensheni kabisa. Zamani raia wa mataifa fulani waliweza kupata barua ya kipato kutoka ubalozi wao mjini Bangkok na kuiwasilisha uhamiaji. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 balozi za Marekani, Uingereza na Australia ziliacha kutoa barua hizo. Kwetu haikubadilisha kitu, maana Tanzania haikuwa na ubalozi Bangkok. Tulihudumiwa kutoka Kuala Lumpur. Amana ndiyo ilikuwa njia yetu tangu mwanzo. Na nisisikike kama ninawalaumu Wathai. Kenya nayo humtaka mgeni anayetaka kukaa bila kufanya kazi awe na miaka isiyopungua 35 na kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka. Wale wazee wa Kizungu unaowaona Malindi wakinywa madafu, kila mmoja ameonyesha karatasi zake mahali fulani.

Kukusanya pesa hakukuwa tatizo la kusimulia. Niliuza kiwanja Njiro, nikadai madeni yaliyokuwa nje, nikaongeza akiba. Muhimu kwa anayefikiria njia hii ni kwamba unapoanza upya na kuomba viza ya awali ukiwa ndani ya Thailand, maofisa hutaka kuona pesa imeingia kutoka nje ya nchi. Kitabu cha benki lazima kionyeshe hivyo, au benki iandike barua ya kuthibitisha. Pesa taslimu uliyokuja nayo kwenye pochi na kuiweka dirishani itakuletea maswali. Nilimwona mwenzetu mmoja wa sokoni akihangaika kueleza kwamba pesa yake ni halali, imetokana na mawe, na kila alipozidi kueleza habari ya mawe ndivyo uso wa ofisa ulivyozidi kufunga.

Kufungua akaunti nako kunategemea tawi. Tawi moja litakuambia mgeni asiye na kibali cha kazi hafunguliwi. Lingine, la benki ileile, ng'ambo ya barabara, litakuomba barua ya makazi kutoka uhamiaji na kukufungulia siku hiyohiyo. Niliacha kutafuta mantiki. Nilivaa vizuri, nikasalimia kwa viganja vilivyounganishwa kifuani, nikakaa na kungoja, kama ambavyo ningefanya nikienda kuomba jambo kwa wakwe.

Mzee mmoja wa Guinea, aliyekaa Chanthaburi tangu enzi za rubi za mpakani, ndiye aliyenipa ushauri uliokuwa na faida kuliko yote. Aliniambia kwa Kithai chake kilichochanganyika na Kifaransa: chagua mwezi kwanza, benki baadaye.

Sikumwelewa hadi aliponichorea kwenye karatasi ya kufungia mawe. Kibali cha mwaka kinaanzia tarehe inayotokana na siku uliyoingia na viza yako ya awali, na tarehe hiyo itakurudia mwaka baada ya mwaka kama hukutoka na kukipoteza. Hesabu miezi miwili nyuma na miezi mitatu mbele. Hiyo ni miezi mitano ambayo laki nane zote zimefungwa. Miezi saba inayobaki, nusu ya pesa iko huru. Sasa jiulize, alisema, miezi ambayo watu wako wanakulilia ni ipi.

Yeye watu wake humlilia wakati wa Tabaski, Idi ya kuchinja. Wangu ni kuanzia Oktoba, vyuo vikifunguliwa, hadi Januari ambapo nchi nzima ya Tanzania inatafuta ada, sare, madaftari na nauli ya kumrudisha mtoto bweni. Nikapanga kuingia ili kibali changu kiangukie katikati ya Juni. Kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Septemba pesa haina mwenyewe. Kuanzia hapo hadi Aprili nyingine, baht 400,000 za juu zinaweza kutembea, mradi ziwe zimerudi. Juni ni msimu wa durian Chanthaburi, na foleni ya uhamiaji inanuka tunda hilo hata kama hakuna anayekula. Nimelizoea. Kuna watu wanalinganisha miezi na hali ya hewa wanapopanga kuhama. Mimi nililinganisha na kalenda ya shule za Arusha, na sijajuta.

Lakini kalenda peke yake haijibu simu.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa amekosa mkopo wa bodi mwaka wake wa kwanza chuoni. Alipiga mwezi Mei.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Za huko?"

Za huko zilikuwa ndefu. Alizunguka mvua, akazunguka afya ya bibi, akafika kwenye ada ya muhula iliyokuwa na deni na mtihani uliokaribia. Kiasi alichotaja kilikuwa kidogo, hakifiki hata sehemu ya thelathini ya zile milioni 60. Nami nikamwambia sina. Kukawa kimya kwenye simu, kimya cha mtoto aliyelelewa vizuri ambaye hawezi kumwambia shangazi yake kwamba anadanganya.

Alichokuwa akikijua yeye, na ukoo mzima ulikijua, ni kwamba kiwanja cha Njiro kimeuzwa na pesa iko benki. Kaka yangu alipiga usiku uleule. Hakunilaumu. Aliuliza tu, kwa ile sauti ya mkubwa anayetafuta kuelewa, inawezekanaje mtu awe na pesa na asiwe nayo. Nikamweleza: iko kama hati ya nyumba iliyowekwa rehani, ni yangu, jina ni langu, lakini nikiigusa nafukuzwa nyumbani. Akakaa kidogo, akasema, "Sasa wewe umekopa nini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua. Nilikuwa nimekopa ruhusa ya kuwepo.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu hapo, na ninaamini masharti ya namna hii yametungwa na watu wanaodhani akiba ni jambo la mtu mmoja. Mjerumani aliyestaafu akiwa na kiasi hicho benki, hakuna anayejua isipokuwa yeye na mke wake. Kwetu, pesa ikionekana imekaa, tayari ina watu: kuna wa ada, kuna wa dawa ya presha, kuna mchango wa harusi ya mtu ambaye baba yake alichangia yako. Na madai yao ni ya haki. Mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa pesa iliyokuwa imekaa kwa ajili ya bati la nyumba ya mjomba. Ofisa wa uhamiaji anayekagua kitabu changu anapima jambo moja tu, kama mstari wa mwisho umeshuka chini ya namba fulani. Hajui kwamba ili usishuke, kuna mtoto aliyefanya mtihani kwa huruma ya mhasibu wa chuo.

Yule mtoto alifanya mtihani, nashukuru. Kaka aliuza mbuzi, mimi nikatuma kidogo kutoka kwenye pesa ya kula. Baada ya hapo niliwaambia nyumbani habari yote, bila kuficha namba: laki nane, miezi mitano, nusu iliyo huru, nusu isiyoguswa kamwe. Nilimtumia kaka picha ya kalenda niliyoitia rangi. Wapo waliosema nimekuwa Mzungu. Lakini kitu kimoja kilibadilika: simu za Mei zilipungua, na za Oktoba zikaja mapema, zikiwa na barua ya chuo iliyopigwa picha. Watu wetu si wagumu kuelewa sheria. Wanachokataa ni kufichwa.

Nusu ile ya juu pia nililazimika kuiwekea utaratibu, kwa sababu pesa uliyompa ndugu hairudi tarehe 15 Aprili kwa kuwa uhamiaji wa Thailand wanaitaka. Ninachofanya ni hiki: kutoka Septemba naila mwenyewe, kwa kodi ya nyumba na chakula, na humo humo natoa ada. Wakati huohuo kodi za vyumba vyangu vya Sakina zinajikusanya Arusha, na kabla ya Aprili nazileta kujaza nilipotoa. Kwa hiyo sikopeshi mtu kutoka kwenye amana. Natoa, au sitoi. Na ndiyo maana nikiulizwa na wenzangu huwa nasema wazi: kama laki nane ndiyo pesa yako yote, usiende. Ni lazima uwe na nyingine ya kuishi. Kibali hakikulishi.

Gharama yake halisi pia inafaa kutazamwa bila aibu. Mwaka nilipoweka amana, hati fungani ya serikali ya Tanzania ya miaka 20 ilikuwa ikilipa asilimia 15.49 kwa mwaka. Milioni 60 zingeniletea zaidi ya milioni 9 kila mwaka. Amana yangu Chanthaburi ilipata riba isiyofika asilimia 2, na baada ya kukatwa kodi ya asilimia 15 ya riba hiyo, haikutosha tiketi ya ndege kwenda Kilimanjaro. Wapo watakaojibu kwamba baht si shilingi, haipotei thamani kwa mtindo uleule, na wana hoja. Tena Thailand inalinda amana hadi baht milioni 1 kwa kila mtu katika kila benki, kiwango kilichoanza Agosti 2021, kwa hiyo laki nane zimo ndani. Hata hivyo, tofauti ile ndiyo kodi ninayoilipa kwa kukaa. Ada ya kibali yenyewe ni baht 1,900, na watu husherehekea urahisi wake. Mimi huongeza zile milioni ambazo hazikuzaliwa.

Benki nayo haielewi. Binti mpole anayeniandikia barua ya amana hunipa kila mwaka kijitabu cha bima ya maisha na mifuko ya uwekezaji, akisikitika kuona pesa nyingi kiasi kile haifanyi kitu. Namshukuru na kukunja kijitabu. Siku pesa itakapohamia kwenye bima, uhamiaji hawataihesabu tena.

Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa kazi ya mawe analipokea kwa shida kuliko lote. Kibali cha mstaafu hakikuruhusu kufanya kazi. Tena, hata kwa mgeni mwenye kibali cha kazi, udalali usio wa biashara ya kimataifa ni katika kazi ambazo Thailand imewawekea raia wake, na vilevile kukata na kung'arisha vito. Kwa hiyo nimekaa katika mji wa mawe, nasikia mchakacho wa karatasi kila Ijumaa, nakunywa kahawa kando ya meza za watu ninaowajua, na jiwe likipita mbele yangu naligeuza kwenye mwanga, nasema zuri, narudisha. Sheria imeilaza pesa yangu na imenilaza na mimi. Mwanzoni nilikuwa naota bei. Kuanzia Juni mvua zinapokatika Mahenge na wachimbaji wanarudi mashimoni, mtaji ndio unaohitajika, na ndiyo miezi ambayo wangu umefungwa. Kijana niliyemfundisha kazi alinipigia mwaka mmoja akiwa na spineli ambayo hata kwenye picha ya simu ilikuwa inawaka. Aliomba nimshike mkono kwa wiki tatu tu. Kila dalali anajua wiki tatu za jiwe zuri ni muda gani. Nilimwunganisha na mtu mwingine, nikazima simu, nikaenda kutembea kando ya mto hadi kwenye kanisa kuu la Kikatoliki lililojengwa na wahamiaji wa Kivietinamu, nikakaa nje kwenye kivuli nikipiga hesabu ya faida isiyonihusu.

Sokoni kuna wanaokwepa kulaza pesa. Mawakala wapo wanaoweka laki nane kwenye akaunti yako kwa ada, benki inaandika barua, kibali kinapigwa muhuri, pesa inarudi kwao. Mabadiliko ya 2019, mwaka ambao Wathai wanauita 2562, yaliwabana kwa lile sharti la miezi mitatu baada ya kibali, maana ofisi nyingine hukuita urudi na kitabu waone. Hayajawamaliza. Mtu ninayemfahamu alifanya hivyo, akaacha kitabu cha benki na kadi yake kwa wakala kama dhamana. Wakala alipotoweka, alibaki na pasipoti yenye muhuri asioweza kuutetea na akaunti ambayo hakujua kilichopita ndani yake. Aliondoka nchini kimyakimya. Sikumcheka, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa ileile ya dalali: kwa nini nilaze changu wakati naweza kuazima cha mwingine kwa siku moja? Ni kwamba tu jina lako likiwa kwenye droo ya mtu, biashara hiyo si mali kauli tena.

Siku ya kuomba yenyewe haina mengi. Asubuhi unapitia benki, unaweka au unatoa baht 100 ili kitabu kichapwe mstari wa tarehe hiyo, unachukua barua, unapiga nakala za kila ukurasa na kusaini kila moja, unaambatanisha picha na ramani ya kufika kwako. Ukifuata utaratibu, saa chache zinatosha. Baada ya hapo, kila siku 90 unatoa taarifa ya anwani yako.

La kuangalia ni msiba. Ukitoka nchini bila kibali cha kurudi, kibali chako cha mwaka kinakufa mpakani, hata kama laki nane zimelala salama. Muhuri wa kurudi mara moja ni baht 1,000, wa mara nyingi ni 3,800. Mimi hulipa ule wa mara nyingi siku ileile ninapoongezewa mwaka. Wenzangu wa Ulaya wananiuliza kwa nini nitumie pesa kwa safari nisizozipanga. Kwetu safari muhimu hazipangwi. Simu ya mama mkubwa ilikuja alfajiri, na jioni nilikuwa uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi. Nilizika, nikakaa arobaini kwa sehemu, nikarudi nikiwa na mwaka wangu mkononi. Uwanjani kuna dirisha la kupata muhuri huo ukisahau, lakini sitaki kuwa ninapanga foleni siku ninapolia.

Msiba ule ndio ulionifanya nikae kufikiria wangu. Nikifa, benki ikijua, akaunti inafungwa, na pesa itatoka tu kwa msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ya Thailand. Bila wosia, kaka yangu angelazimika kutoka Arusha na vyeti vya kuzaliwa vilivyotafsiriwa na kugongwa mihuri kutoka ofisi hadi ofisi, akisimama mbele ya hakimu ambaye hawaelewani hata salamu. Laki nane zilizokaa miaka yote bila kuguswa zingeweza kukaa mingine. Nikaenda kwa wakili wa mjini, akaandika wosia kwa Kithai na Kiingereza, nikamtaja yule mtoto wa kaka kuwa msimamizi. Sasa amemaliza chuo, anafanya kazi ya uhasibu, na ndiye pekee katika ukoo anayeijua ile kalenda kwa kichwa.

Kaka hakupenda. "Usijichurie," alisema, akakata simu, akapiga tena baada ya saa moja kuuliza kama wakili ni mtu mzuri.

Mtoto mwenyewe alisikiliza hadi mwisho. Akauliza maswali ya mhasibu: tawi gani, kitabu kinakaa wapi, nani mwingine anajua. Halafu akacheka kidogo.

"Kwa hiyo shangazi, ile pesa ya Mei nitakuja kuishika mimi?"

"Utaishika nikiwa sipo."

"Basi ikae."

Wakili alitaka namba ya pasipoti yake, kwa sababu msimamizi atalazimika kusafiri. Hakuwa na pasipoti. Ada yake Tanzania ni shilingi 150,000. Ilikuwa Desemba, nikamtumia siku hiyohiyo.